Mkunga, Nyuki na Sauti ya Sylvia Plath

Mara ya kwanza kumsoma Sylvia Plath ilikuwa kwenye fotokopi iliyofifia, nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijanishinda nikafunga virago. Hata hatujafungua ukurasa, mhadhiri akatupasha kwamba huyu mama alijiua Februari 1963 akiwa na miaka 30. Basi, mambo yakaishia hapo. Kila shairi tukalisoma tukitafuta maiti ndani yake. Nyuki walikuwa kifo, baba alikuwa kifo, hata maua yalikuwa kifo. Niliandika insha ya kurasa sita kuhusu hilo, nikapata alama nzuri, na sikuwahi kulitamka hata shairi moja kwa mdomo wangu.

Mwaka huu ndio nimemsikia, na ile insha naona lazima niikanushe.

Sauti yenyewe iko katika hazina ya Woodberry Poetry Room, maktaba ya ushairi ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Maktaba hiyo ilianzishwa 1931. Mnamo 1933 mwalimu mmoja wa hapo, Frederick Packard, akaanza kuwarekodi washairi wakisoma kazi zao, na T. S. Eliot alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Santuri zao zikaitwa Harvard Vocarium. Siku hizi sehemu ya hazina hiyo imewekwa kwenye intaneti, bure. Mimi husikiliza usiku, bando ikiwa bei nafuu na majirani wamezima redio.

Hilo neno bure nalitaja kwa sababu. Nilipoacha chuo nilijaribu kurudi maktaba kumalizia kitabu. Soja wa langoni akaitazama kadi yangu, akaigeuza, akaniambia kwa upole, "Hii imekufa, kijana." Nikageuka nikaenda zangu. Kwa hiyo niliposoma kwamba Lamont, jengo la Harvard ambamo chumba hiki cha ushairi kimekaa tangu 1949, halikuwapokea wanafunzi wa kike kama wavulana hadi 1967, nilisitisha rekodi nikakaa kimya kidogo. Plath alikuwa ameshakufa miaka minne. Sauti yake ilikuwa ndani, na wasichana wa chuo hicho hicho walikuwa bado wanahesabiwa mlangoni.

Sasa tuingie kwenye rekodi zenyewe. Ziko za vipindi viwili, na ndivyo vinavyonivuta.

Juni 1958 Plath anasoma kwa ajili ya maktaba hii. Ana miaka 25. Sauti ni nyepesi, safi, ya msichana aliyeshika namba moja darasani tangu chekechea. Kila neno amelipanga mahali pake. Unasikia bidii. Unasikia pia, samahani, mtu anayesoma karatasi. Mashairi ni ya kipindi kile kilichozaa kitabu chake cha kwanza, The Colossus, kilichotoka 1960. Yana mapambo mengi, na sauti inayapita yale mapambo kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba vyombo vya udongo.

Halafu sogea hadi tarehe 30 Oktoba 1962, London. Ni siku tatu tu tangu afikishe miaka 30. Peter Orr wa British Council anamrekodi, katika mradi ambao baraza hilo liliufanya kwa ushirikiano na chumba hiki cha Harvard. Anasoma Daddy na Lady Lazarus, yote mawili ya mwezi huo huo. Kitabu chenye mashairi hayo, Ariel, kilikuja kutoka 1965, yeye akiwa kaburini. Na sauti imebadilika, jamani. Imeshuka chini, imekuwa nzito, inakata maneno kama kisu kinavyokata sukuma. Haibebi tena vyombo vya udongo. Inavivunja kimoja kimoja na kutazama kama unajali.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kina. Kwenye fotokopi sikuwahi kugundua kwamba Daddy linarudi kwenye sauti moja, ile ya "u" ndefu, mstari baada ya mstari, kama wimbo wa kumbembeleza mtoto ulioharibika katikati. Sikugundua kwa sababu Kiingereza huficha vina vyake. Sauti moja huandikwa kwa tahajia tano, sita, na jicho hupotea. Sisi tumezoea kina kinachoonekana hata na anayesoma kwa macho tu. Hapa ilibidi nisikie. Na nilipokisikia, lile shairi nililolieleza kwa kurasa sita likawa kitu kingine. Lina kejeli. Kuna mahali anakaribia kucheka. Maiti haina mzaha, na huyu anao tele.

Jambo la pili liko kwenye mazungumzo, na hapa ndipo wasikilizaji wengi hukosea. Wanaruka maongezi waende moja kwa moja kwenye shairi. Usiruke. Ndani ya mahojiano yale Plath anamwambia Orr kwamba haya mapya huwa anajitamkia mwenyewe, kwa sauti, na kwamba kama yanaeleweka, ni kwa sababu ameyatamka. Yale ya The Colossus, anasema, hawezi tena kuyasoma kwa sauti. Hakuyaandika kwa ajili ya kutamkwa, na sasa yanamchosha.

Hebu rudi sasa kwenye rekodi ya 1958. Kumbe ule uangalifu haukuwa woga wa kipaza sauti. Ni mashairi yenyewe yaliyokuwa hayajawahi kupita mdomoni. Mshairi ametoa hukumu juu ya kazi yake mwenyewe, na maktaba imetunza ushahidi wa pande zote mbili. Hakuna insha iliyonifundisha hivyo. Sikubaliani naye kabisa, kwa sababu katika yale ya zamani mna mistari inayosikika vizuri sana ukiipa nafasi. Lakini namwelewa.

Jambo la tatu ndilo linalomwondolea mauti usoni. Orr anamuuliza kuhusu kukaa na waandishi. Plath anajibu kwamba anapendelea madaktari, wakunga, mawakili, mtu yeyote ila waandishi, kwa sababu hao wanajua kufanya kitu kwa mikono au kwa maarifa ya maisha. Anamtaja mkunga wa mtaani kwake aliyemfundisha kufuga nyuki. Yule mkunga haelewi chochote anachoandika, na yeye anampenda kuliko washairi wengi. Anayasema kwa furaha ya wazi. Miezi mitatu na ushee baadaye alikuwa amefariki, ndiyo. Lakini siku ile alikuwa mtu mzima mwenye nyuki, rafiki, na maoni makali kuhusu waandishi. Tena anajitangaza Mmarekani wa kizamani kwa lugha na kwa lafudhi, huku sikio langu likisikia nusu Uingereza. Nilicheka peke yangu gizani.

Lawama yangu kwa hazina kama hii ni moja. Imejengwa juu ya imani kwamba mwenye shairi ndiye mwenye sauti. Pwani hatukuwa hivyo. Mtunzi hutunga, na mara nyingi mwenye koo zuri ndiye hughani, na hakuna anayeona mtunzi ameibiwa. Tenzi za Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu zilienea kwa kaseti, watu wakazijua kwa masikio kabla ya macho. Ukikusanya sauti za watunzi peke yao umekusanya nusu ya ushairi wetu. Na somo alilolipata Plath mwaka 1962, kwamba shairi lazima lipite mdomoni kwanza, kwetu ndilo la kuanzia. Mizani na mahadhi ni kazi ya ulimi.

Ila nikisema hivyo kwa majivuno, naikumbuka kaseti ya nyanya. Alikuwa na moja ya utenzi, ameiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na sindano na vifungo. Sauti ya mwanamke, taratibu, na jogoo anawika nyuma. Ikinasa tuliizungusha kwa kalamu ya Biki. Mwishowe redio iliitafuna. Haikuandikwa jina la mtunzi, la mghani wala mwaka. Harvard wanaijua hadi tarehe ambayo Plath aliketi mbele ya kipaza sauti. Sisi tulikuwa na sauti hai ndani ya nyumba na hatukuuliza.

Kama utasikiliza, anza na mahojiano, kisha mashairi ya 1962, halafu malizia na ya 1958. Ukianza nyuma utamwona kama mwanafunzi aliyekuja kukomaa. Ukianza na maongezi utamkuta mtu, ndipo uyapime mashairi.

Mimi nimeanza kusoma kazi zangu kwa sauti kabla sijazituma. Mbili nimezitupa. Wiki iliyopita nilimpigia shangazi Likoni kumuuliza yule mwanamke wa kaseti alikuwa nani. Akakaa kimya, akaanza kuimba beti mbili bila kukosea neno, kisha akasema jina hajui, ila ataulizia kwa majirani wa zamani. Nilisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi. Jumapili nitampigia tena.