Jina Halizuii Baridi

Kila mara kampuni kubwa ya nguo za bei nafuu inapotangaza kwamba imeungana na mbunifu wa Paris au Milan, mtandaoni tunaambiwa neno lilelile: sasa mitindo ni ya watu wote. Mimi ni mtu wa Eastlands na karibu luku zangu zote zimetoka Gikomba, kwa hivyo nauliza. Watu wote ni nani? Na wanapewa nini hasa?

Chukua mfano uliovumisha biashara hii. Novemba 2004 Karl Lagerfeld, aliyekuwa akiongoza ubunifu wa Chanel, alitoa nguo kwa ajili ya H&M. Watu wakapiga foleni, na katika maduka mengi zikaisha upesi. Lagerfeld mwenyewe alilalamika hadharani kwamba zilitengenezwa chache mno. Septemba 2011 ikawa zamu ya Marekani: Target walipoanza kuuza nguo za Missoni, tovuti yao ilizidiwa ikaanguka, na muda si muda zilezile zilikuwa eBay kwa bei ya juu. Nguo ya mtu wa kawaida ikampita mtu wa kawaida kama matatu iliyojaa.

Sidhani uhaba huo ni bahati mbaya. Ili bei ishuke, lazima kitu kipunguzwe: kitambaa kinakuwa chepesi, bitana inaondolewa, mshono unakimbizwa. Kisichopunguzwa ni lebo. Na jina likikaa rafuni mwaka mzima linazoeleka. Likikaa siku mbili, watu wanakanyagana. Ndiyo maana namheshimu zaidi Isaac Mizrahi, aliyebunia Target kuanzia 2003 hadi 2008. Aliyekosa pesa mwezi huu angeweza kurudi mwisho wa mwezi ujao. Hiyo ndiyo maana ya kuuzia watu wote: kuwasubiri.

Mbunifu naye hulipa. Halston, mmoja wa wabunifu wakubwa wa Marekani miaka ya 1970, alifanya mkataba na JCPenney, duka la watu wa kawaida, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bergdorf Goodman, duka la matajiri, likaacha kuuza nguo zake. Mwishowe akapoteza hata haki ya kubuni kwa jina lake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa uleule. Ila jina likishavaliwa na karani, tajiri halitaki tena.

Sasa njoo Gikomba asubuhi, belo likifunguliwa. Lebo ya H&M inalala juu ya sweta isiyo na jina, zote zimekunjamana sawa. Muuzaji anachambua kamera, zile safi za kwanza, anazitundika. Jina lina bei hata hapa, sikatai. Akiitambua lebo ataongeza soo mbili. Lakini mnunuzi wa Gikomba hamalizi hapo. Anaigeuza nguo ndani nje, anavuta zipu, anaangalia kwapa, anainyanyua kwenye mwanga. Kisha anaipeleka kwa fundi mtaani ipunguzwe kiuno. Huo ndio uhakiki wa mitindo ninaouamini, na haufanywi na mtu aliyealikwa kukaa safu ya mbele.

Sisemi mtumba ni mbingu. Sehemu ya kila belo ni takataka tu, na nyingi huishia Dandora au Mto Nairobi. Mwaka 2022 kundi la wasanii wa hapa Nairobi, The Nest Collective, lilijenga nyumba ya mabelo ya mitumba kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, wakaiita Return to Sender. Waliozivaa kwanza wakapelekewa nyumbani. Na hapo Athi River, viwanda vya EPZ vinashona nguo za soko la Marekani. Tunawashonea zikiwa mpya, halafu tunawanunulia zikichakaa.

Ndiyo maana sina hamu ya kuona mbunifu wa Nairobi akiiga Lagerfeld, aweke fulana mia tatu zenye jina lake kwenye supamaketi kwa wikendi moja, tupige picha, basi. Bei zao za sasa siwalaumu. Kitambaa ni ghali na washonaji lazima walipwe. Lakini Kayole na Umoja zimejaa mafundi wenye cherehani na mikono mizuri, wanaoshinda wakipindua mapindo ya suruali za watu wa Ulaya. Wanachokosa ni mkato mzuri, ule ujuzi wa bega likae wapi na nyonga ipewe nafasi gani.

Hicho ndicho mbunifu anaweza kuleta Eastlands. Auze mkato. Awauzie mafundi karatasi za vipimo kwa bei wanayoweza, awafunze, achukue asilimia yake kwa kila nguo, na arudi mwaka ujao na mkato mwingine. Lebo iwe na majina mawili, lake na la fundi, au isiwepo kabisa. Mwezi wa saba baridi ya Nairobi ikibisha, haiulizi koti limesainiwa na nani. Inatafuta mshono ulioachia.