Kosa la Mmoja na Rangi ya Wengi

Msomaji, rangi ya mtu ni jambo zito kulisema. Damu iliyomwagwa ni jambo zito vile vile. Yakikutana mawili haya, ndimi huharibika. Jamaa za aliyeuawa wataka haki. Jamaa za muuaji wachelea kuhukumiwa wote kwa mkono wa mmoja. Basi wengine hunyamaza, wengine hupayuka, na kweli hukosa msemaji.

Alan Paton wa Afrika ya Kusini alijaribu kuisema katika riwaya iitwayo Cry, the Beloved Country. Ilitoka mwaka 1948, mwaka ule ule ambao chama kilicholeta siasa ya apartheid kilishinda uchaguzi. Paton hakuandika kwa kusikia tu. Tangu 1935 hata 1948 alisimamia Diepkloof, karibu na Johannesburg, mahali pa kurekebishia vijana wa Kiafrika waliovunja sheria.

Kisa chake ni hiki. Kasisi Stephen Kumalo, Mzulu wa shamba, aenda Johannesburg kumtafuta mwanawe Absalom. Mwishowe amkuta gerezani, kwani amemwua kwa bastola Mzungu mmoja, Arthur Jarvis, nyumbani kwake. Arthur alikuwa mtetezi wa Waafrika, na siku ile alikuwa akiandika juu ya asili ya uhalifu miongoni mwao.

Tazama jinsi mwandishi anavyotunyima kimbilio. Kama aliyeuawa angalikuwa dhalimu, tungalipata udhuru wa kutomlilia. Absalom akiri kwamba alifyatua kwa hofu. Lakini hofu yake haimrudishi marehemu kwa mkewe na watoto wake. Kwa upande wa pili, mzee Jarvis asoma makaratasi ya mwanawe. Yaeleza jinsi wanaume walivyopelekwa migodini bila wake zao, na jinsi desturi za kale zilivyovunjwa pasipo kujengwa kitu mahali pake. Kweli hizi mbili zimewekwa bega kwa bega, wala moja haitumiwi kuifuta nyingine. Hapo ndipo ulipo ubora wa kitabu. Kinyume chake ni ile sura ambamo Wazungu wajadili uhalifu: huyu ataka polisi zaidi, yule shule zaidi, na hapana amsikilizaye mwenziwe.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. John Kumalo, nduguye kasisi, anenaye kwa ukali juu ya ujira wa migodini, amechorwa kuwa mwoga na mwenye hila. Amwokoa mwanawe na kumwachia Absalom kitanzi. Dubula, kiongozi mwenye moyo safi, hupita kama kivuli. Yaonekana Paton alimwamini zaidi Mwafrika mvumilivu kuliko mwenye hasira, ilhali hasira ile ilikuwa na haki. Sheria ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika, waliokuwa wengi, sehemu kama 7 tu katika 100 za nchi. Mwenye kudai kweli isemwe wazi hana budi kustahimili pia sauti isiyomfurahisha.

Basi usikiapo watu wakinena juu ya mauaji na rangi, au mauaji na kabila, uliza mambo matatu. Je, aliyekufa amekumbukwa? Je, kosa limebaki kwa aliyelitenda? Je, asili yake imetafutwa? Likikosekana moja, ujue kwamba neno la haki halijaisha kusemwa.