Ile "1 ms" ya kwenye boksi inapima nini hasa?

Ulizia monita ya gemu Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, au panda hadi Njombe mjini. Utaonyeshwa boksi lenye maandishi makubwa, "1 ms", na muuzaji atakuhakikishia kwamba haina ukungu. Kiukweli namba ile si uongo mtupu, ila inajibu swali ambalo hukuuliza. Kwa kawaida inaeleza muda ambao pikseli inatumia kubadilika kutoka kijivu kimoja kwenda kingine, tena mara nyingi kwa mpangilio mkali ambao nyumbani ungeuzima.

Haisemi picha inakaa kwenye kioo kwa muda gani, na ukungu mwingi unatoka hapo. Monita ya 60 Hz inashikilia kila picha kwa milisekunde 16.7. Jicho linalofuata mpira linateleza bila kusimama, huku picha imesimama ikisubiri inayofuata, kwa hiyo inapakwa ndani ya jicho kama rangi ukutani. Hata pikseli zingebadilika papo hapo, ukungu ungebaki.

Ndiyo maana naliheshimu jaribio la bure la TestUFO, la Mark Rejhon wa Canada na Blur Busters yake. Kisahani cha anga kinapita kwa pikseli 960 kwa sekunde, nawe unakifuata kwa macho, basi. Gawanya 960 kwa 60: ukungu wa pikseli 16. Kwa 120 Hz zinabaki 8. Huhitaji maabara, unahitaji bando kidogo na macho yako.

Lakini nina ugomvi nalo. Kisahani cha mstari wa juu kinatembea sawasawa na kasi ya kioo, kila mara. Hiyo inaipendelea mno mbinu ya kuwasha na kuzima taa ya nyuma ya kioo, kama taa ya disko. Taa ikiwaka milisekunde 1 tu kwa kila picha, ukungu unashuka hadi pikseli 1 hivi, na kisahani kinang'aa kama kimechorwa jana. Unalipa, unaondoka. Nyumbani kompyuta yako inatoa picha 60 kwa sekunde kwenye kioo cha 120 Hz, na kila picha inamulikwa mara mbili: badala ya ukungu unaona vitu viwili viwili. Mpira wa televisheni ni hivyohivyo, maana matangazo yetu ni ya picha 25 au 50 kwa sekunde. Kwa hiyo usiangalie mstari wa juu peke yake. Tazama na ule wa nusu kasi chini yake, ndio unaofanana na maisha yako.

Mwanga nao una bei yake. Milisekunde 1 kati ya 8.3 ni kama sehemu moja ya nane, kwa hiyo taa isipoongezewa nguvu kioo kinafifia, hasa dukani ambako mlango uko wazi mchana kutwa. Wengine kumwekameka huko kunawaumiza kichwa, na hakuna boksi litakalokuambia kama wewe ni mmoja wao. Kaa nacho dakika 10, muuzaji akinuna anune.

Picha za kisahani zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp pia usiziamini haraka. Simu iliyosimama ikipiga kwa kasi kubwa itaonyesha kisahani kisafi hata kwenye kioo kibovu, kwa sababu ukungu huu unazaliwa jicho linapotembea. Kamera lazima itembee pamoja na kisahani, kwa mwendo uleule.

Na kabla ya yote, fungua mipangilio ya Windows. Kioo cha 144 Hz kinaweza kuwa kimeachwa kwenye 60, na hapo utakuwa unapima kitu kingine kabisa.