Ngozi Nyeusi Haikupaswa Kuwa Rungu

Kosa kubwa la kiufundi katika Ink Master, shindano la televisheni la kuchora tatuu, halikufanywa na mshindani yeyote aliyeshika mashine. Lilifanywa na waliotunga kanuni, pale walipoamua kwamba mshindi wa jaribio la ufunguzi ndiye atakayegawa mafuvu. Waliofuatilia shindano hili tangu Januari 2012, mtangazaji Dave Navarro alipolizindua kwenye kituo cha Spike, wanalijua zoezi lenyewe: kila fuvu ni mtu aliyejitolea kuchorwa, na aliyeshinda mwanzo anaamua nani amchore nani. Wanajua pia kilichokuwa kikifuata. Mshindi anajiwekea mteja mwenye wazo jepesi na mahali pazuri pa kuchora, kisha anamtafutia mpinzani wake mkubwa mzigo: mtu wa kuchorwa mbavuni, mtu mwenye masharti kibao, au mtu mweusi. Rangi ya ngozi ikatiwa kapu moja na ubavu unaouma na mteja mkaidi, na msimu baada ya msimu hakuna aliyesimamisha mchezo kuuliza kama kweli vitu hivyo vinafanana.

Tuutazame uamuzi huo kwa utulivu, maana ndani ya dakika zile chache za ugawaji kuna somo zima baya. Fuvu linatajwa, kamera inakimbilia uso wa aliyepewa, na uso unashuka. Halafu tunapelekwa kwenye kile chumba cha mahojiano, mshindani anatueleza jinsi alivyohujumiwa. Mteja mwenyewe bado hajapewa nafasi ya kusema lolote. Hatujui anaitaka tatuu ikae wapi, iwe kubwa kiasi gani, wala kama yuko tayari kushauriwa. Lakini mtazamaji ameshaambiwa kwamba kazi hii imeharibika kabla sindano haijamgusa mtu. Na anayeambiwa hivyo si Mmarekani peke yake. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayejifunza kazi kwa kutazama vipindi kama hivi, ambaye karibu kila mteja wake atakuwa mweusi, anafundishwa kwamba wateja wake wote ni bahati mbaya.

Kibaya zaidi, ugawaji ule huibadilisha kazi yenyewe. Mchoraji anayeamini ameonewa hatafuti suluhisho, hujikinga tu. Huchukua mchoro uleule ambao angeuweka kwenye ngozi nyeupe, wenye tabaka tano za kijivu na mistari ya unywele, akaupunguza hapa na pale, akaubandika na kuomba Mungu. Saa zikiisha, katikati pamejaa ukungu: manyoya yameungana na kivuli, jicho limezama. Majaji Chris Núñez na Oliver Peck wanasema haisomeki, na kwa hilo wako sahihi. Jicho lao kwa mstari uliotetereka lilikuwa kali na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba ngozi ilishatangazwa kuwa kikwazo tangu ugawaji, kwa hiyo wakati wa hukumu ikawa udhuru. Mchoro mbovu ukapata wa kusingiziwa.

Ngozi haina hatia hiyo. Wino wa tatuu hukaa kwenye ngozi ya ndani, kina cha kama milimita 1 hadi 2. Melanini iko juu yake, kwenye tabaka la nje. Kwa hiyo tatuu iliyopona, iwe ya nani, huonekana kupitia rangi ya mwenyewe, kama kitenge kinachotazamwa nyuma ya kioo chenye rangi. Kioo kikiwa cheupe, hata rangi hafifu hupenya. Kikiwa cha kahawia iliyokolea, manjano hufifia, nyeupe huchukua rangi ya kioo, na kijivu chepesi hutoweka. Nyeusi haitoweki. Kinachopungua ni tofauti kati ya giza la wino na mwanga wa ngozi, na mchoraji ana njia za kuifidia: mstari mnene, weusi uliojazwa bila woga, mchoro mkubwa zaidi, na ngozi tupu iliyoachwa kwa makusudi ifanye kazi ya mwanga. Ngozi ya kahawia tayari ni rangi ya kati. Anayeielewa hahitaji tabaka tano za kijivu. Weusi mmoja na ngozi yenyewe humfikisha mbali, na akiongeza tabaka moja katikati inatosha kabisa.

Ugumu halisi upo, ila ni wa aina ambayo kipindi hakikuwa na subira ya kuueleza. Karatasi ya kiolezo huacha mistari ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi mistari hiyo huonekana kwa shida, na mchoraji akishapangusa wino mara mbili tatu, utando mweusi hubaki juu ya ngozi asijue tena alikuwa akifuata nini. Mwenye uzoefu hutengeneza kiolezo chenye mistari michache minene, hukiacha kikauke sawasawa, huanzia chini kwenda juu ili mkono usikifute, au huchora moja kwa moja kwa kalamu ya rangi inayoonekana. Kisha kuna wekundu. Kwenye ngozi nyeupe wekundu humwonya mchoraji kwamba amerudia pahali pamoja mno. Kwenye ngozi nyeusi onyo hilo hufichika, hivyo inambidi asome uvimbe, na namna ngozi inavyovutika chini ya kidole. Asiyejua hayo huona rangi haishiki, anarudi, anarudi tena, mpaka anaichimba. Watu wenye asili ya Afrika hupata keloidi kwa wingi kuliko wengine, hasa kifuani na mabegani, na ngozi iliyochimbwa na mtu mwenye kinyongo cha fuvu ndiyo iliyo hatarini. Hapo kanuni ya burudani imetoka kwenye skrini ikaingia mwilini mwa mtu.

Wamakonde waliyatatua haya bila umeme. Pande zote mbili za Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda na ule wa Newala, wachanjaji wa nembo walikata ngozi kwa kisu kidogo, wakasugua makaa, wakarudia siku nyingine hadi mstari ukakolea. Tazama walichochagua kuchora: pembe zilizopangwa moja ndani ya nyingine, mistari ya kwenda na kurudi, na nafasi ya wazi kati ya mkato na mkato. Hawakuhangaika na vivuli ambavyo ngozi ingevimeza. Mkato wenyewe uliinuka, kwa hiyo nembo ilisomeka kwa weusi wake na kwa mwinuko wake pia, mwanga ukipiga kutoka upande. Walipochonga barakoa za mapiko, nembo hizohizo waliziweka juu ya mti kwa vipande vya nta ya nyuki, ili hata kwenye mbao mwinuko usipotee. Hao ndio wachoraji walioanza na ngozi waliyonayo, wakauchagua mchoro baadaye. Weka kazi yao kando ya mtindo wa leo wa mistari ya unywele na madoa ya rangi yasiyo na mzingo, unaosifiwa siku ya kupigwa picha na kuombolezwa baada ya miaka michache. Mtindo huo nimeupinga kwenye ngozi nyeupe na nitaendelea kuupinga. Kwenye ngozi nyeusi hauna hata hiyo siku moja ya sifa.

Marekani nayo haikukosa walimu. Jacci Gresham alifungua Aart Accent mjini New Orleans mwaka 1976, akiwa miongoni mwa wanawake Weusi wa kwanza kuishi kwa kazi hii nchini humo. Miya Bailey wa City of Ink, Atlanta, alishiriki kuiandaa filamu ya Color Outside the Lines, inayowakusanya wachoraji Weusi wakizungumzia ufundi na historia yao, nayo ilitoka miaka ileile ya mwanzo wa Ink Master. Maarifa yalikuwepo, safari ya ndege ya saa chache tu kutoka studio ya shindano.

Kwa nini basi wachoraji wazoefu, wenye maduka na majina, walibabaika hivyo? Jibu liko kwenye namna kazi hii inavyorithishwa. Mwanafunzi huanza na chungwa, ngozi ya nguruwe au ngozi bandia, na ngozi bandia iliyozoeleka kwa miaka mingi ni ile ya rangi ya Mzungu. Kisha hujichora pajani. Kisha huwachora wenzake, nao wakamchora. Hicho ndicho chuo chenyewe cha tatuu, na ni chuo kizuri kuliko vyote: aliyelala anahisi kina cha sindano na kasi ya mkono, anamwambia mwenzake amezama mno au hajaivuta ngozi vya kutosha, na majuma kadhaa baadaye wote wawili wanaitazama kazi iliyopona na kubishana juu ya mstari uliotanuka. Mteja wa kawaida hawezi kukupa taarifa ya namna hiyo. Lakini chuo hicho hufundisha ngozi zilizomo chumbani tu. Waliomo wakiwa weupe watupu, basi yote wanayofunzana ni ya ngozi nyeupe, na mtu anaweza kuwa bingwa wa mji mzima akabaki mgeni kabisa kwa mteja mweusi. Hilo ni pengo la mafunzo. Ink Master ililiona, na badala ya kulitaja kwa jina lake, ikaligeuza silaha ya kupigana.

Wakubwa wa zamani walipokutana na pengo walilitendea vingine. Norman Collins, aliyejulikana kama Sailor Jerry, hakuwa mtu mpole. Alilinda siri zake na aliwadharau waigaji waziwazi. Hata hivyo, alipoona Wajapani wanajua kuufunika mwili mzima kwa mchoro mmoja unaoshikamana, aliandika barua. Kutoka Honolulu alibadilishana maarifa na Kazuo Oguri wa Gifu, yaani Horihide, na mwaka 1973 mchoraji mwenzake Don Ed Hardy akaenda Gifu kufanya kazi na Horihide mwenyewe. Hawakuchukua kitu kile kigeni wakamtupia mshindani ili aanguke nacho.

Wapo wanaoitetea kanuni ya mafuvu kwa kusema kwamba shindano lazima liwe na ugumu. Sawa, lakini ugumu wa haki ni ule unaowakuta wote. Siku ya picha za sura, wote huchora sura. Siku ya mtindo wa Kijapani, wote hupimwa kwa mtindo huo. Kama kuchora ngozi nyeusi ni mtihani, na mimi nakubali kwamba ni mtihani wa maana, basi wote waufanye siku moja, wahukumiwe kwa kipimo kimoja. Kumpa mmoja au wawili, tena kwa mkono wa adui yao, hakupimi chochote.

Wengine husema kweli nusu: kwamba zipo rangi zisizoonekana vizuri. Zipo. Anayetaka maua ya waridi hafifu kwenye ngozi iliyokolea sana anapaswa kuambiwa ukweli, na mchoraji makini humwekea vidoti vya rangi mahali padogo, akasubiri vipone, ndipo wakachagua pamoja. Kazi hiyo huchukua majuma. Mshindani aliyepewa saa sita na mteja aliyemwona leo hawezi kuifanya, kwa hiyo hoja hii inarudi palepale kwa waliotunga ratiba na kanuni. Na wale wanaosema kwamba hata kwa kura ya bahati lazima mmoja angempata mteja mweusi, wanasahau kilichokuwa kikiharibu mkono wa mchoraji. Kura haina nia. Hakuna aliyekuchagulia pigo, hivyo unabaki na mteja na mchoro, na huna pa kupeleka hasira zaidi ya kwenye kazi.

Januari 2020 Peck aliondoka baada ya picha zake za zamani, akiwa amejipaka uso rangi nyeusi, kuibuka hadharani. Wengi walichukulia kwamba suala la rangi katika Ink Master limeondoka naye. Halikuondoka, kwa sababu mafuvu hayakuwa ya Peck. Yalikuwa sehemu ya shindano, na mtu yeyote ambaye angeketi kwenye kile kiti angeyakuta. Shindano liliporudi mwaka 2022 kupitia Paramount+, Joel Madden akiliongoza, meza ya majaji ilikuwa na Ami James, Nikko Hurtado anayejulikana kwa sura za rangi, na Ryan Ashley, mwanamke wa kwanza kushinda, katika msimu wa 8, ambaye mapambo yake ya shanga na kamba za urembo hutegemea hasa weusi mzito na ngozi iliyoachwa wazi. Watu watatu wa kiwango hicho wanaweza kuweka mtihani unaostahili. Kila mchoraji aliyebaki apewe mteja mweusi, wakutane naye mapema, vidoti vya rangi viwekwe na kuachwa vipone, kisha tatuu ichorwe. Hukumu isubiri angalau wiki nne, ngozi mpya ikishaufunika wino, maana tatuu mbichi haijatuonyesha bado itakavyoonekana. Kama ratiba ya studio haina nafasi hiyo, hukumu irekodiwe mwisho wa msimu. Na mshindi wa jaribio la ufunguzi apewe kilicho haki yake, achague mteja wake mwenyewe kabla ya wengine, basi. Waliobaki wapige kura.