Tusse na wimbo wa binti yetu

Vijana ninaokaa nao hapa Bujumbura wana msanii wao: Tusse. Jina lake ni Tousin Chiza. Alizaliwa Kongo kama wengi wetu, mwaka 2002. Alikimbia akiwa na miaka mitano, njiani akatengana na wazazi, akakaa miaka mitatu na shangazi yake katika kambi ya wakimbizi Uganda, kisha akafika Uswidi. Mwaka 2019 alishinda Idol, shindano la waimbaji kwenye televisheni ya kule. Mwaka 2021 Uswidi ikamtuma Rotterdam kuiwakilisha katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya.

Wimbo wake unaitwa "Voices", yaani Sauti. Tuliutazama kwenye telefone yangu, watu saba kwenye kioo kimoja. Tulipiga makofi kama vile ni mtoto wa jirani.

Sasa niseme ninachofikiri. Sauti ya kijana ni nzuri kabisa. Anaanza chini, taratibu, halafu anapanda mpaka kiitikio ambacho hata mtoto atakishika mara moja. Lakini maneno? Ni uhuru, ni watu wengi, ni dunia nzima. Mtu mmoja simuoni mle. Hakuna shangazi, hakuna bidoni, hakuna usiku wa kukimbia. Angeweza kuuimba mtu yeyote.

Mtaniambia ni sheria: wimbo usizidi dakika 3, na siasa ni marufuku. Kweli. Lakini mwaka uleule Italia ilishinda kwa Kiitaliano, Ufaransa na Uswisi zikafuata kwa Kifaransa. Tusse, kwa Kiingereza, akawa wa 14 na alama 109. Sisemi lugha ndiyo ilimshusha, maana wengi wameshinda kwa Kiingereza. Nasema si lazima mtu ajifute ili asikilizwe. Khadja Nin, mzaliwa wa hapahapa Bujumbura, aliimba kwa Kiswahili na Ulaya ikamsikiliza.

Nilipoyasema hayo, kijana mmoja akanijibu: "Kaka, kwani mkimbizi lazima aimbe ukimbizi kila siku? Si umuache avae nguo zake nyekundu aimbe tu?"

Nilikosa jibu. Ana haki. Kuna watu wanatutaka tulie mbele yao ndipo waamini sisi ni watu. Kama Tusse hakutaka kuuza machozi ya shangazi yake kwa dakika tatu, hiyo ni heshima yake.

Ila jibu lile lilinirudisha mahali pengine. Mwaka jana tuliandaa mashindano ya nyimbo ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Mimi nilikuwa mmoja wa waamuzi. Binti mmoja alileta wimbo juu ya mama yake aliyepoteza kadi ya msaada, akazunguka wiki tatu akiambiwa "rudi kesho". Nusu Kifuliru, nusu Kiswahili. Kwenye mazoezi watu walicheka, halafu wakanyamaza. Sisi waamuzi tukamwita pembeni: dada, wageni wanakuja, weka amani kidogo, weka umoja, maliza na asante. Akabadilisha. Akawa wa pili, akapewa daftari na mwavuli. Tangu siku ile hajarudi kwenye mazoezi.

Kwa hiyo nimemkosoa Tusse kwa kosa ambalo ni letu. Yeye, nadhani, alichagua mwenyewe nini aseme na nini akifiche. Binti yetu tulimchagulia, tena mimi nilikuwemo.

Wimbo wa kwanza ulikuwa bora. Ulikuwa na mama mmoja, kadi moja, mlango mmoja, na kila mtu kambini angejiona mle. Ule wa pili siukumbuki hata neno.

Mwaka huu nitaenda kwao kumuuliza kama bado anaukumbuka ule wa kwanza. Na ninyi mnaokaa viti vya mbele siku ile, wageni na wafanyakazi wa misaada, mkisikia wimbo usio na asante, msitafute nani wa kumlaumu. Sikilizeni mpaka mwisho.