Mnara wa Mtumba Voi: Fedha Iende Chini, Si Juu

Mnara wa redio wa mtumba una kishawishi chake. Mwendeshaji redio wa ridhaa akishapata vipande sita vya mita 3, vyenye miguu mitatu iliyofungwa kwa vyuma vya mshazari, hesabu humjia yenyewe: mita 18. Nadhani hesabu hiyo inampoteza. Katika Voi na sehemu kubwa ya Taita Taveta vipande vinne vinatosha, na fedha ambayo ingefuata vile viwili vya juu ina kazi kubwa zaidi chini: kwenye msingi, kwenye nanga za waya, na kwenye njia ya kuipeleka radi ardhini.

Tuanze na sura ya nchi. Mji wa Voi uko kwenye tambarare, kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Milima ya Taita imeukinga upande wa magharibi na kaskazini-magharibi. Kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Mawimbi yanayokwenda New York kwa njia fupi huondoka Voi yakielekea kaskazini-magharibi, yaani yanaikabili milima hiyo hiyo. Mlima unaoinuka mita 1,000 juu ya tambarare, kilomita 15 mbele ya antena, huziba karibu nyuzi 4 za chini za anga, na mita 6 za chuma haziwezi kupunguza kizuizi cha kiasi hicho. Upande wa mashariki na kaskazini-mashariki, kuelekea Bahari ya Hindi, Oman na India, nyika iko wazi, na huko hata antena ya kimo cha wastani haina cha kuizuia.

Mjuzi atapinga kwamba kimo si suala la milima tu: antena iliyolala ikiinuliwa, hutuma nguvu zake kwa pembe ya chini zaidi, na pembe ya chini ndiyo inayofika mbali. Ni kweli, na tofauti si ndogo. Kwenye megahezi 14, antena iliyo mita 12 juu hutuma zaidi kwa pembe ya nyuzi 26 hivi. Ikiwa mita 18, nyuzi 17. Lakini kinachohesabiwa ni kimo kikilinganishwa na urefu wa wimbi. Kwenye megahezi 21 zile mita 12 zinatoa nyuzi 17 zile zile, na kwenye megahezi 28 zinashuka hadi 13. Nasi tuko karibu na ikweta, ambako masafa hayo ya juu hufunguka mara nyingi zaidi kuliko kaskazini mwa Ulaya, hasa miaka ambayo jua lina madoa mengi. Anayeishi Voi hana sababu ya kujenga kana kwamba yuko Helsinki. Tena ipo 5Z4B, kituo cha Kenya katika mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vinavyopokezana kutuma ishara za kupima hali ya anga. Kila kituo kimepangiwa kutuma jina lake, kisha mistari minne ya sekunde moja moja, kutoka wati 100 kushuka hadi 10, 1, na sehemu moja ya kumi ya wati, kwa antena ya wima isiyoelekezwa popote. Njia ikiwa wazi, mstari wa wati 1 husikika ng'ambo ya bahari.

Upande wa pili wa hesabu ni upepo. Nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo ni mara nne. Antena yenye eneo la mita 0.6 za mraba, ikikutana na upepo wa mita 35 kwa sekunde, husukumwa kwa nguvu ya karibu nyutoni 450 kabla ya kuhesabu umbo lake. Kama mnara hauna waya za kuushikilia, msukumo huo hujaribu kuung'oa kwa nyutonimita 8,100 ukiwa na mita 18, na 5,400 ukiwa na mita 12. Upepo unaoupiga mwili wa mnara wenyewe huongeza mzigo kwa kasi zaidi, kwa sababu mnara mrefu una chuma kingi cha kupigwa na mkono mrefu wa kukunja. Kwa chuma kipya fundi anajua kinabeba nini. Cha mtumba kimekwisha kutumia sehemu ya nguvu zake, na hakuna karatasi inayoeleza ni kiasi gani.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji ni mnara ulisimama wapi. Uliokaa Mombasa umekula chumvi ya bahari. Uliokaa bara kavu una nafuu kubwa. Miguu yenye uwazi ndani huoza kuanzia ndani, pale maji ya mvua yalipotuama, kwa hiyo rangi mpya si ushahidi wa chochote. Igongwe kwa nyundo kutoka chini hadi juu, na sauti nzito isiyolia iwe sababu ya kukikataa kipande. Mahali palipochomelewa pasafishwe na kuangaliwa nyufa. Bolti, nati na waya za kushikilia zinunuliwe mpya, bila mjadala. Kamba ya katani, hata katika kaunti yenye mashamba ya mkonge kama ya Mwatate, ni ya kuvutia mzigo siku ya kazi tu.

Msingi wa zege wa mita moja ya ujazo una uzito wa karibu tani 2.4, na jua la Voi huukausha upesi mno. Umwagiliwe maji angalau siku 7 na usibebeshwe mzigo kamili kabla ya siku 28. Waya zishike pande tatu, nanga zikiwa mita 8 au 9 kutoka kwenye mnara wa mita 12. Sagalla, ambako wakulima hutundika mizinga ya nyuki kwenye ua ili kuwazuia ndovu, nanga zote zikae ndani ya ua huo. Hii nayo ni hoja ya ufupi: mnara wa mita 18 unataka duara pana zaidi, na shamba halipanuki.

Radi nayo inadai fedha. Udongo mwekundu ukikauka hupitisha umeme vibaya, hivyo fimbo moja ya shaba haitoshi. Zinatakiwa kadhaa, zilizotengana kwa angalau mara mbili ya urefu wake, zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe na kwa waya wa ardhini wa nyumba.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu masafa ya megahezi 144, ambayo husafiri karibu mstari ulionyooka. Hapo kimo ni kila kitu, wanasema. Lakini upeo wa redio kwa mita 12 ni kilomita 14 hivi, na kwa mita 18 ni 17. Kutoka Vuria ni zaidi ya kilomita 190, umbali unaofika Mombasa. Anayetaka masafa hayo aungane na wenzake, waombe kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano na nafasi ndogo ya kituo cha kurudisha mawimbi huko milimani. Vipande viwili vilivyobaki avihifadhi pakavu. Vitafaa siku mmoja wa miguu iliyosimama utakapoanza kutoa kutu kwenye maungio.