Kulisha Maji Kabla ya Samaki

Mfugaji mzoefu wa samaki katika mabonde ya Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, akifika bwawani asubuhi, hatafuti samaki kwanza. Hukunja mkono wa shati, huchutama ukingoni, kisha huuzamisha mkono polepole huku kiganja kikitazama juu. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanagusa kiwiko, mambo ni mazuri. Kikipotea mapema zaidi, bwawa limeshiba kupita kiasi na wiki hiyo halipewi kitu. Na kama kiwiko kimeshalowa na vidole vyote vitano bado vinaonekana, maji yana njaa, na baada ya siku chache samaki nao watakuwa na njaa.

Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakidanganyi. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri wa Italia aliyekuwa pia mtaalamu wa nyota, alizamisha sahani nyeupe katika Bahari ya Mediterania ili ajue maji yanapitisha mwanga kiasi gani, na mpaka leo watafiti wa maziwa na mabwawa wanatumia sahani yenye jina lake. Kwenye bwawa la tilapia wanataka sahani hiyo ipotee kati ya sentimita 25 na 40. Pima mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko mpaka katikati ya kiganja, utaangukia humo humo.

Kinachotakiwa kukificha kiganja si tope. Maji ya tope ni ya kahawia, yanazuia jua, na mfugaji akiyaona hutafuta mara moja ukingo ulipobomoka. Anachotaka yeye ni kijani cha jani changa la mgomba, na kijani hicho ni mwani mdogo mno, vijidudu vinavyoula, na bakteria wasiohesabika. Tilapia wa Nile hushinda akivichuja na kuvimeza vitu hivyo. Basi kazi kubwa ya mwenye bwawa ni kuyalisha maji. Maji yakila, samaki amekula.

Chakula chenyewe hupikwa pembeni mwa bwawa, ndani ya kompostieri. Ni uzio wa mianzi au fito zilizokitwa kwenye tope, uliochukua karibu sehemu moja ya kumi ya bwawa. Humo huingia mabaki yote ya nyumba na shamba: nyasi zilizofyekwa, majani makavu ya mgomba, pumba kutoka kwenye vinu vya mpunga, majani ya sombe yaliyokomaa hata hayafai tena kutwangwa, makapi ya michikichi, majivu ya jikoni, mavi ya mbuzi na ya kuku. Kasongo ina Waislamu wengi tangu zama za Tippu Tip, kwa hiyo banda la nguruwe lililojengwa juu ya bwawa, ambalo utalikuta sehemu nyingine za Kongo, hapa si jambo la kawaida. Mbuzi na bata ndio wanaoifanya kazi hiyo ya kutoa mavi. Majivu nayo hayatupwi humo ovyo: udongo wa huku una asidi, na majivu huipunguza, la sivyo mwani hausimami hata ukilishwa vipi.

Mgeni wa kazi hii hurundika tu. Mzoefu hupanga. Nyasi mbichi zinatangulia, mavi yanafuata, kisha makavu, kisha tabaka jingine la mbichi, na kila tabaka anaingia na kulikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yapande kati ya vidole. Halafu anasubiri. Baada ya siku chache anarudi na mti mrefu, anauchoma katikati ya rundo, anauzungusha, anauchomoa, anachoma tena pengine. Kila mti unapotoka, maji meusi yanapenya katikati ya mianzi na kutawanyika bwawani, na ukitulia utaona vifaranga vya samaki vikikusanyika papo hapo kwenye ule uwazi wa uzio. Mara nyingi kazi ya mti hupewa watoto. Mtoto akiuliza, “Baba, tuongeze majani?” jibu halitolewi kabla ya mzee kunusa ule mti uliotoka chini. Ukinuka udongo, ongeza. Ukinuka yai viza, acha kabisa, vuruga kesho, vuruga keshokutwa.

Kinachopimwa kwa pua na kwa mkono ni uwiano wa vitu viwili. Bakteria, kama kiumbe chochote, hujenga mwili kwa kaboni na naitrojeni kwa pamoja. Mabua ya mpunga na majani makavu yana kaboni tele na naitrojeni kidogo. Ukiyaweka peke yake yatakaa miezi bila kuoza. Mavi ya kuku yana naitrojeni nyingi. Ukiyamimina peke yake maji hujaa amonia, na amonia huunguza matamvua ya samaki. Yoram Avnimelech, mtafiti wa Israeli, aliandika mwaka 1999 kwamba uwiano wa kaboni na naitrojeni unaweza kutumika kama usukani wa bwawa. Samaki hubakiza mwilini karibu robo tu ya naitrojeni iliyomo kwenye chakula chake, na iliyobaki huishia majini. Ukiongeza kaboni ya kutosha, bakteria huikamata naitrojeni hiyo iliyopotea, huigeuza kuwa miili yao, na samaki huila tena. Mama wa Kasongo anayesema “leo makavu yamezidi, leteni ya mbuzi” anaushika usukani huohuo, na anaushika kila wiki.

Kuna watu wengine duniani wanaoishi na hesabu hii, na ningependa siku moja wakutane na hawa wa mabondeni. Ni wale wanaofuga matumbawe hai ndani ya matangi ya kioo, Ulaya na Marekani. Matumbawe ya miamba, kama yale ya visiwa vya Mafia au Chumbe, yamezoea maji maskini sana, yenye naitreti na fosfeti kidogo mno. Tangi la nyumbani huenda kinyume: samaki wanalishwa, wanakunya, naitreti inapanda, matumbawe yanageuka kahawia na mwani unayafunika. Tiba mojawapo ni punje ndogo nyeupe za plastiki inayoliwa na bakteria. Zinatiwa ndani ya silinda, pampu inasukuma maji kutoka chini, na punje zinabingirika usiku na mchana bila kutulia. Bakteria wanajishika juu yake, wanakula kaboni ya punje, na ili wakue inawabidi wachukue naitreti na fosfeti kutoka majini. Punje zinaposuguana, utando wa bakteria unabanduka na kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya povu, inayoutoa nje ya tangi.

Plastiki hiyo yenyewe ina asili ya ajabu. Ni jamii ya kitu alichokigundua Mfaransa Maurice Lemoigne mwaka 1926 ndani ya miili ya bakteria: akiba yao, wanayojiwekea wakati kaboni ni nyingi na mahitaji mengine yamepungua. Kwa hiyo mwenye tangi anawalisha bakteria mafuta ya bakteria wenzao.

Makosa ya mwenye tangi na ya mwenye bwawa ni ya ukoo mmoja. Pampu ikilegea, punje hugandana, katikati yake hewa huisha, na silinda hutoa harufu ya yai viza. Ni gesi ileile inayotoka chini ya kompostieri isiyovurugwa. Mwenye tangi mwenye pupa akimimina punje zote siku moja, maji hupata ukungu mweupe na matumbawe hupauka kwa njaa ya ghafla. Mwenye busara huanza na sehemu ndogo na kusubiri wiki kadhaa. Huku nako kompostieri hujazwa kwanza, bwawa huachwa mpaka liwe kijani, ndipo vifaranga huletwa. Tofauti yao iko mwishoni. Kule bakteria walionenepa hutolewa kwa mashine na kumwagwa. Huku samaki mwenyewe ndiye mashine, na samaki huingia chunguni pamoja na mawese na pilipili. Kwa maoni yangu kazi ya bonde imekamilika zaidi, na inafanyika bila waya hata mmoja wa umeme.

Lakini haina huruma kwa mtu asiyeamka mapema. Mwani hutoa oksijeni mchana kukiwa na jua. Usiku, mwani, bakteria na samaki wote huivuta. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kabla ya jua kuchomoza, hasa baada ya siku ya mawingu. Bwawa lililolishwa kupita kiasi utalijua saa hiyo: samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanahema kwenye utando wa maji, na ukikanyaga ukingo hawakimbii. Mfugaji hufungulia mfereji, maji mapya yakaanguka kwa kishindo ili yachanganyike na hewa, na kompostieri haipewi kitu mpaka kiganja kionekane vizuri tena. Samaki wakihema hata baada ya jua kupanda, rundo lenyewe hupunguzwa kwa beseni na kumwagwa ukingoni.

Mfereji nao una habari zake. Bugali wa huku ni wa muhogo, na muhogo mchungu lazima ulowekwe siku kadhaa ili sumu yake ya sianidi itoke. Maji yaliyotoka kwenye muhogo huo ni makali kwa asidi na kwa sumu, na yakishuka bwawani samaki hufa. Ndiyo maana mabwawa yanayodumu ni ya watu walioelewana na majirani: muhogo ulowekwe chini ya bwawa, usilowekwe juu yake. Nimeona makubaliano ya namna hii yakiheshimiwa kuliko karatasi nyingi zenye muhuri.

Mabwawa si mapya katika nchi hii. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Wabelgiji ilihimiza, na mara nyingi ililazimisha, vijiji kuchimba, na kule Kipopo karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, watafiti walichunguza tilapia wa kufugwa. Makumi ya maelfu ya mabwawa yalichimbwa Kongo nzima. Mengi yaliachwa baada ya uhuru. Kilichochimbwa kwa amri hakikuwa na mwenyewe. Kisha ukaja uasi wa 1964, na vita vya 1996 na 1998, vyote vikapita Maniema. Bwawa haliwezi kubebwa kichwani mtu anapokimbia. Anayerudi hukuta ukingo umekatwa, samaki wameliwa, nyasi zimeota mpaka katikati. Waliochimba tena baada ya hayo walichimba kwa hiari, na naamini ndiyo sababu ufundi wao umekuwa mzuri hivi: kila mmoja alichagua bonde mwenyewe, alifinyanga donge la udongo, akalirusha juu na kulidaka kuona kama linashikana, kabla ya kupiga jembe la kwanza.

Soko lipo. Samaki wa Lualaba na wa Luama hufika kwa msimu, na wengi hufika wakiwa wamekaushwa. Upande wa Kabambare, wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila na Namoya hununua chochote kibichi. Kinachomwangusha mfugaji ni wingi wa vifaranga kuliko uhaba wa wateja. Tilapia jike huatamia mayai mdomoni na kuzaa mara kwa mara, na bwawa lililoachwa mwaka mzima hujaa vidagaa vilivyodumaa, vikila chakula chote cha maji bila kunenepa. Kwa hiyo baada ya miezi sita hivi bwawa hukaushwa lote. Wakubwa huuzwa palepale ukingoni, vifaranga vizuri huhamishiwa kwenye shimo la pembeni, na tope la chini, zito na jeusi, hubebwa kwa mabeseni mpaka kwenye matuta ya lenga-lenga na nyanya. Bwawa huachwa juani mpaka sakafu ipasuke, ili kusibaki hata samaki mmoja kwenye kidimbwi cha kona. Majivu hunyunyizwa juu ya nyufa, uzio hukaguliwa, fito zilizooza hubadilishwa, na nyasi za kwanza huanza kukanyagwa kabla maji hayajafunguliwa.